Suruali ya Kocha Mpya

Uwanja wetu wa mpira wa kikapu ulipungua hatua nne kwa urefu na hatua mbili kwa upana. Najua kwa sababu niliupima mwenyewe kwa kamba ya katani, nikalinganisha na kijitabu cha kanuni alichotuachia kocha wetu wa kwanza. Haukuweza kuongezwa. Upande wa juu ulizuiwa na mawe ya mlima wa Manga, upande wa chini na migomba ya kanisa. Mpira uliotoka upande wa chini haukusimama hadi kijitoni, na aliyeutoa ndiye aliyeufuata.

Nguzo zilikuwa za mkaratusi. Ringi alizifua fundi mmoja wa Mosocho ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa majembe, na moja ilikuwa kubwa kuliko nyingine kwa upana wa vidole viwili. Mistari tuliichora kwa unga wa mawe ya sabuni, ambao mmoja wetu aliletewa na mjomba wake mchongaji. Mvua ya alasiri, ambayo kwetu haikosi, iliufuta kila wiki, na kila Jumapili tulichora upya. Vijana Waadventista walichora asubuhi, Wakatoliki wakiwa misani. Alasiri tulicheza pamoja. Jumamosi haikuguswa, kwa sababu wachezaji watatu na nusu ya mashabiki walikuwa kanisani kutwa.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa na miaka ishirini, karani wa kupima kahawa katika ghala la ushirika. Sekondari sikuiona, lakini nilikuwa na kamusi, na nilikuwa na tabia ya kuandika kila kitu katika daftari: nani alitupa, nani alikosa, nani alipoteza mpira. Wenzangu walinicheka kwa hilo. Mchezaji mkubwa sikuwa. Nilikuwa mchezaji wa kuaminika, ambayo ni sifa wanayopewa watu wasiokuwa na nyingine.

Kocha wetu wa kwanza alikuwa kijana wa kigeni aliyekuja kwa kujitolea kufundisha sayansi. Alitufundisha kukaba eneo: kila mtu alipewa pembe yake ya uwanja, kama mtu anayelinda kipande cha shamba la wimbi dhidi ya ndege. Aliyeingia katika pembe yako alikuwa wako, akitoka alikuwa wa mwenzako. Katika mwaka wa pili tulishinda karibu kila mtu tuliyekutana naye. Muda wake ulipokwisha aliondoka, akatuachia mipira miwili, kipenga, kile kijitabu, na mashabiki walioamini kwamba kushinda ni jambo linalokuja lenyewe kama mvua ya alasiri.

Mwenyekiti wa kamati yetu alikuwa mzee mwenye kinu cha kusaga. Yeye ndiye aliyetutafutia kocha mpya, na yeye ndiye aliyetangaza habari hiyo mbele ya kinu chake, watu wakiwa wamekuja na mahindi.

"Amecheza Nairobi," alisema. "Ni fundi wa simu, amehamishiwa Kisii mjini. Na ni mtu wa ziwani."

Hilo la mwisho ndilo lililowaingia.

"Wa ziwani!" alisema fundi cherehani, shabiki wetu mkubwa kuliko wote. "Huyo haruki. Huyo ananyoosha mkono tu, kama anachuma parachichi."

"Ni samaki," mwingine alieleza. "Samaki hurefusha mifupa."

"Mlango wa kinu chako atainama, mwenyekiti."

"Acha ainame."

Palikuwa na bibi aliyeuza ndizi mbivu kando ya kinu. Sote tulimwita magokoro, yaani nyanya, na kwa wengi wetu alikuwa nyanya kweli kwa ukoo. Alikuwa akifukuza nyuki kwenye ndizi zake.

"Awe mrefu, awe mfupi," alisema bila kuinua macho, "wanaocheza ni hawa. Au atawabeba mgongoni?"

Hakuna aliyemsikiliza. Wiki ile fundi cherehani alinunua kitambaa kigumu cha buluu na utepe mweupe wa kushona ubavuni, akamtengenezea kocha suruali ya michezo kama zile alizowahi kuona gazetini. Kipimo hakuwa nacho. Alimwita askari wa utawala, ambaye alikuwa mtu mrefu kuliko wote sokoni, akampima kuanzia kiunoni hadi kisiginoni, kisha akaongeza vidole vinne kwa ajili ya ziwa.

Jumapili ya kwanza tulisimama barabarani kumpokea, tukiwa kama arobaini. Alikuja mtu mmoja kwa baiskeli, ana koti la mvua na mfuko wa vyombo vya kazi nyuma. Alikuwa mfupi. Sitaki kutia chumvi: aliposimama kando yangu, utosi wake ulifika kwenye kidevu changu, nami ni mtu wa kimo cha kawaida.

"Hujambo, bwana," fundi cherehani alimwambia. "Huko ulikotoka, hukumpita mtu mrefu anakuja?"

Yule mtu aliangalia nyuma, barabara ilikuwa tupu mpaka kwenye kona.

"Sijampita mtu," alisema. "Uwanja uko wapi?"

Mwenyekiti alikohoa, akamkaribisha, akaeleza kwamba mashabiki walikuwa na zawadi. Suruali ikaletwa ikiwa imekunjwa katika gazeti. Kocha aliifungua, akaipima kiunoni, na miguu ya suruali ikalala chini kama mtu aliyezimia. Watoto walianguka kwa kicheko. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Aliivaa juu ya ile aliyokuja nayo, akaikunja mara tatu chini, akafunga mkunjo kwa vipande vya waya wa simu alivyotoa mfukoni, akasema: "Asanteni sana. Mpira uko wapi?"

Tangu siku hiyo aliivaa kila Jumapili. Wiki ya pili alimwomba fundi aikate.

"Hapana, mwalimu," fundi alimjibu kwa upole. "Nikate kwa nini? Atakayekuja baada yako huenda akawa na miguu."

Alijua mpira kuliko yule wa kwanza. Nasema hivi kwa ushahidi, daftari ninalo. Kwa mwezi mmoja makosa yetu ya kupokea mpira yalipungua karibu nusu. Lakini alileta jambo jipya, nalo ndilo lililotuponza: alikataa kukaba eneo.

"Eneo halifungi kikapu," alisema. "Mtu ndiye anayefunga. Kila mtu na mtu wake. Akienda kushoto uko naye, akienda kunywa maji uko naye. Nikikuuliza mtu wako yuko wapi, usinionyeshe kwa kidole, nionyeshe kwa kifua."

Tulishindwa Mosocho. Kisha tukaenda Birongo kwa miguu, tukashindwa vibaya, nasi tukarudi kwa njia ya milimani ili tusipite sokoni. Mashabiki walijua kabla hatujafika.

Sababu ya kushindwa niliijua siku ileile, nami sikuisema. Hapa lazima nieleze jambo la kwetu, kwa ajili ya msomaji wa mbali.

Sisi tunahesabu vizazi kwa ukoo, si kwa miaka. Ndugu ya babu yangu alioa mke wa mwisho akiwa mzee, na mke huyo akazaa mtoto wa kiume miaka mitatu baada ya mimi kuzaliwa. Kwa hesabu ya ukoo mtoto yule ni ndugu wa baba yangu, kwa hiyo ni baba yangu. Nilimwita tata, yaani baba, angali anatambaa. Na kati ya baba na mwana pana kitu tunachokiita ensoni. Kiswahili kina haya, kina soni, lakini havifiki pale. Baba na mwana hawataniani. Hawaogi pamoja mtoni. Hawagusani ovyo. Wakikutana njiani, mwana humpisha. Babu na mjukuu ni kinyume kabisa, hao hutaniana hadharani, huvutana nguo, na mjukuu anaweza kumwambia babu kwamba ameoza meno. Wa kizazi kimoja ni sawa kwa sawa.

Huyo tata wangu alihamia Birongo na mama yake. Alikuwa na miaka kumi na saba, mdogo wa mwili, mwepesi kama cheche ya moto, naye ndiye aliyekuwa kiini cha timu yao. Kocha wetu alinipa mimi kumkaba.

Nilimkaba kwa kumwamkia. Alipokuja na mpira mbio, miguu yangu ilitoka njiani yenyewe kabla akili haijaamua. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya kumi. Sikuwa peke yangu. Mwenzetu mmoja alipewa kumkaba kaka wa msichana ambaye wazee wake walikuwa wameshaenda kumposa, na mkwe hasukumwi. Mwingine alipewa mtu aliyekuwa mwanawe kwa ukoo, na baba mwenye heshima zake hawezi kuning'inia shingoni mwa mwanawe mbele za watu. Wakati wa kukaba eneo mambo haya hayakuonekana: baba akiingia pembe yako ulisogea kidogo, mwenzako akamfikia. Sasa kila mtu alikuwa amefungwa na wake.

Kwa nini hatukumwambia kocha? Nimejiuliza miaka mingi. Ensoni haielezwi. Kumweleza mgeni kulikuwa kama kuvua shati barabarani. Na mashabiki wenyewe hawakuliona, kwa kuwa hakuna aliyeona ajabu mtu kumpisha baba yake. Kama ningemsukuma tata pale Birongo, hao hao wangeninyima salamu. Walitaka tushinde, na walitaka tuwe na adabu, na walitarajia kocha mmoja atoe vyote viwili.

Jumatatu yake kamati ilikaa kinuni. Mwenyekiti alizungumza kwa sauti ya kutoa hukumu.

"Birongo wanakuja hapa kwetu Jumapili ya tatu kutoka sasa. Wakitushinda hapa, nitamshukuru yule bwana kwa mdomo wangu mwenyewe, na arudi kwa waya zake."

"Na suruali aache," alisema fundi cherehani.

Habari hiyo ilimfikia kocha, maana maneno ya kinuni hayakawii. Jumapili iliyofuata, mazoezi yalipokwisha, nilibaki naye kukusanya mipira. Alikuwa akifungua zile waya za mikunjo ya suruali.

"Wataniondoa," alisema.

"Ni maneno ya watu, mwalimu."

"Mimi sina ugomvi nao." Alikunja suruali vizuri, mshono juu ya mshono. "Familia yangu iko nyumbani ziwani. Mjini nina chumba kimoja. Kule mjini unajua naitwa nani? Naitwa Simu. Simu amekuja, Simu ameondoka. Siku saba za wiki, mtu ananiita mwalimu siku moja tu, na siku yenyewe ni leo."

Alipanda baiskeli. Nami nikabaki na mipira miwili mikononi, nikijua kwamba mtu anafukuzwa kwa kosa langu.

Aliyenisukuma ni magokoro. Siku ya soko nilipita kwake, akanishika kamba ya kiatu kwa ncha ya fimbo yake.

"Wewe mume wangu," alisema. Ndivyo nyanya wa kwetu wanavyowaita wajukuu, na kila mtu pale alisikia. "Niliambiwa ulivyocheza Birongo. Wanasema ulimpisha yule mtoto njia kama watu wanavyopisha jeneza."

"Ni baba, magokoro."

"Unanifundisha ukoo? Mimi ndiye niliyemkata kitovu. Nakuuliza kitu kingine. Yule mfupi wenu anajua?"

"Hajui."

"Hajui. Mnamfunga macho halafu mnamcheka anapojikwaa." Alinipa ndizi moja. "Kula, uende. Mume mjinga simtaki."

Kesho yake niliomba ruhusa ghalani, nikaenda Kisii mjini. Nilimkuta juu ya nguzo ya simu karibu na kituo cha posta, amejifunga mkanda, koleo mdomoni.

"Mwalimu, nimekuja kukueleza jambo."

Alitoa koleo mdomoni. "Eleza."

"Shuka kwanza."

"Nikishuka nitapoteza waya nilioutafuta tangu asubuhi. Sema tu, huku juu masikio ninayo."

Nikamwambia hukohuko juu. Ilikuwa bahati yangu, kwani sikulazimika kumtazama usoni. Niliisemea nguzo. Nilieleza kuhusu tata, kuhusu mkwe, kuhusu yule wa tatu. Watu walipita na vikapu vyao wakaniangalia nikizungumza na mti. Nilipomaliza nilingoja acheke.

"Kwetu," alisema, "mtu na mama mkwe wake hawali chumba kimoja. Rafiki yangu alimwona mama mkwe wake anapanda basi alilokuwemo, akashuka kupitia dirishani. Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Nilidhani hutaelewa."

"Babu je? Babu unaweza kumkaba?"

"Babu unaweza kumvuta masikio."

Hapo ndipo aliposhuka, waya akauacha. Aliketi juu ya mzingo wa kebo, akaniomba daftari. Tuliandika majina ya Birongo upande mmoja, yetu upande wa pili, nami nikamweleza kila mmoja ni nani wa nani. Mistari ikawa mingi hadi ukurasa ukafanana na kazi yake. Wawili wa kwao hawakuhusiana na yeyote wetu. Waliobaki tuliwagawa: babu kwa mjukuu, sawa kwa sawa. Tata wangu alimwangukia mchezaji wetu mrefu na mzito kuliko wote, ambaye kwa ukoo alikuwa babu yake.

Halafu aliniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa.

"Wewe humgusi yeye. Naye anaweza kukugusa?"

"La. Ensoni ni ya wote wawili. Baba akimgonga mwanawe mbele za watu, aibu ni yake zaidi."

"Basi mkikutana njiani, kwa nini wewe ndiye unayetoka?"

"Kwa sababu mimi ni mwana."

"Sikuambii uache," alisema. "Nauliza tu. Kusimama si kusukuma." Akapanda tena nguzoni.

Jumapili ya Birongo ilikuja na jua. Watu walijaa mpaka kwenye migomba, wengine juu ya mawe. Waliona jinsi tulivyojipanga, na kelele ikaanza kabla ya kipenga. Mtu wetu mzito alikuwa amesimama na yule mdogo mwepesi. Mimi nilikuwa na jitu lao la kati, linalonizidi kichwa kizima.

"Refa, ngoja kwanza!" fundi cherehani alipaza sauti. "Mwalimu! Ng'ombe wako anamlinda kuku!"

"Ametuuza," mtu alisema. "Birongo wamempa samaki."

Kocha alikaa juu ya kisanduku chake cha vyombo, suruali imekunjwa mara tatu, mikono magotini.

Kwa dakika tano za kwanza walituzidi. Kisha yule mzito wetu alifungua mdomo. Kwa kawaida hakuwa mtu wa maneno.

"Mjukuu wangu," alimwambia tata, huku mikono yake mirefu ikimfunika kama mwavuli, "mpira huu ni mkubwa kwako. Mwachie babu, wewe nenda ukachunge mbuzi."

Tata alikuwa kijana wa adabu, lakini kwa babu adabu haihitajiki. "Babu, pumua upande wa pili," alijibu, "umekula kitunguu." Akapita kushoto. Babu akanyoosha mkono, akaugonga mpira hadi migombani.

Nilisikia kicheko cha magokoro peke yake, kikali, kutoka upande wa ndizi. Yeye alielewa wa kwanza. Halafu wazee wakaelewa. Niliona wakiinamiana, wakihesabu kwa vidole: huyu ni nani wa huyu, yule mama yake ametoka wapi. Kicheko kikazunguka uwanja kama moto wa nyasi. Kila jozi ilipokutana, mashabiki walitaja uhusiano kwa sauti: "Mng'oe meno, ni sokoro wako, babu yako!" Mimi nilikuwa babu wa lile jitu lao. Nililishika mgongo mchezo mzima, nikaliuliza kama huko Birongo limeacha mke wa kumpikia babu yake, na kila lilipocheka lilipoteza mpira.

Tulifika mwisho tukiwa mbele kwa pointi moja. Refa, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa anaangalia saa yake ya mkono mara kwa mara. Birongo walitupa mpira ndani, ukamfikia tata. Babu yake aligeuka kumfuata, akateleza kwenye unga wa mawe ya sabuni, akaanguka kama gunia. Kati ya tata na kikapu nilibaki mimi.

Alikuja mbio. Nilihisi mguu wangu wa kulia ukianza kutoka, kama ulivyotoka Birongo, kama unavyotoka kwenye kila kijia cha Manga tangu nilipojifunza kutembea. Nikaurudisha. Sikumwendea. Sikumgusa. Niliinua mikono miwili juu, nikaangalia chini miguuni pake, kwa kuwa usoni sikuweza, nikasimama.

Naye akasimama. Viatu vyake vya raba vilikwaruza udongo umbali wa shubiri kutoka kwa vyangu. Angeweza kunigonga na kufunga, mtu mwingine yeyote angefanya hivyo. Nilisikia pumzi yake. Alikuwa ameushika mpira kwa mikono miwili, hawezi tena kuudunda, hawezi kumpita mwanawe kwa kumkanyaga mbele ya ukoo mzima. Akageuka kutafuta mwenzake wa kumpa. Kipenga kikalia.

Sijui nilisimama hivyo kwa muda gani. Najua kwamba nilipoteremsha mikono nilikwenda kando yake, nikasema kwa sauti ndogo salamu ile ya mwana kwa baba, naye akaitikia kama kawaida, macho yake kwenye migomba. Hatujazungumzia jambo lile hadi leo. Yeye sasa ana wajukuu, mimi nina mvi, na tukikutana njiani bado nampisha.

Mashabiki walikuwa na maelezo yao. Mmoja alisema alijua tangu siku ya kwanza, kwamba watu wafupi wana akili kwa sababu damu haisafiri mbali. Mwenyekiti alisema yeye ndiye aliyemtafuta. Nilingoja mtu aseme kuhusu daftari, hakuna aliyesema, na nakiri kwamba liliniuma kidogo. Magokoro alimletea kocha mkungu mdogo wa ndizi, akamwambia jambo kwa Kikisii, nikaombwa kutafsiri.

"Anasema kuanzia leo wewe ni mjukuu wake, ili aweze kukutukana bila dhambi."

"Mwambie ninashukuru," alisema kocha.

"Anauliza pia kama huko ziwani samaki waliisha kabla ya zamu yako."

Kocha alicheka hadi akashika magoti. Ndipo fundi cherehani alipojipenyeza katikati ya watu. Alikuwa ameshika mkasi wake mkubwa, ule wa dukani. Sijui kama alikwenda kuuchukua mbio au alikuja nao tangu mwanzo.

"Mwalimu," alisema, "panda juu ya kisanduku."

"Kwa nini?"

"Panda tu. Nyoosha mguu."

Kocha alipanda. Fundi alipiga magoti kwenye udongo, akafungua zile waya moja baada ya nyingine, akakunjua suruali mpaka ikafunika kisanduku chote. Akaweka alama kwa kipande cha jiwe la sabuni alichookota mstarini. Kisha akakata, mguu wa kushoto, halafu wa kulia.

Kocha wetu alikaa nasi mpaka alipohamishwa tena, zaidi ya mwaka baadaye. Alishindwa mara nyingine nyingi, na alilaumiwa kwa kila moja, lakini kinuni hakuna aliyesema tena kuhusu waya. Uwanja sasa ni mabanda ya soko. Vile vipande viwili vya kitambaa nilimwomba fundi, nikavishona pamoja kuwa jalada la daftari langu. Buluu imefifia. Utepe mweupe ungalipo, na ukiupima unapata shubiri moja na vidole vinne.